Jengo Dogo la Kidichi: Kuvunja au Kutunza?

Wahenga walinena kuwa mwacha asili ni mtumwa. Methali hii hutajwa sana tunapozungumza juu ya utamaduni wa taifa, lakini uzito wake hatuutambui vema mpaka tusimame mbele ya jengo ambalo asili yake ina utumwa ndani. Je, asili ya namna hiyo nayo tuishike, au tuivunje ili tuwe huru nayo?

Tuchukue mfano wa Kidichi, Unguja, katika sehemu za mashamba ya karafuu bara ya Bububu. Mwaka 1850 Sayyid Said bin Sultan alijenga hapo hamamu kwa ajili ya mkewe, Shahrazad, aliyekuwa wa ukoo wa kifalme wa Uajemi. Walipotoka mjini kuja shambani, hapo ndipo walipooga na kuondoa uchovu. Palikuwa pia na nyumba ya mapumziko iliyojengwa kwa mbao, hiyo imetoweka. Kilichobaki ni kile kijengo cha pembeni: kuta nene, kuba, birika la kuogea, na mapambo ya chokaa yenye maua, mitende na ndege kwa ufundi wa Kiajemi. Mkubwa ameondoka, mdogo amebaki.

Wapo wawezao kusema kuwa na huyo mdogo aondoke, na hoja zao si nyepesi. Kwanza, hii ni alama ya ukabaila. Mikarafuu ilipandwa, ikapaliliwa na kuchumwa kwa jasho la watumwa, na hali ya utumwa haikufutwa kisheria Unguja na Pemba mpaka mwaka 1897. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ardhi ilitwaliwa na serikali, na wananchi wakagawiwa eka tatu tatu. Kwa nini basi mjukuu wa mtumwa agharimie bafu la bwana? Pili, ardhi na mawe ni mali. Vyaweza kumfaa mwananchi kwa skuli au zahanati.

Hoja hii ya pili imekwisha kujaribiwa. Jumba la Beit el Ras, lililoanzwa mwaka 1847, halikumalizika mpaka Sayyid Said alipofariki mwaka 1856. Baadaye mawe yake yalichukuliwa kwa kazi ya reli, na mwaka 1947 magofu yalivunjwa ili kupisha skuli. Hatuwezi kuilaumu skuli. Kusomesha watoto ni jambo jema. Lakini mwanafunzi wa leo atakaye kujua jumba lile lilikuwaje hana budi kuridhika na masalio machache na maneno ya vitabuni.

Hapo ndipo tunapoona tofauti ya maamuzi haya mawili. Aliyeamua kutunza aweza kubadili shauri kesho. Aliyevunja hana kesho ya kubadili shauri. Kwa hiyo anayetaka kuvunja ndiye apaswaye kuleta hoja nzito zaidi, tena baada ya kupima, kuchora na kupiga picha kila chumba.

Ama hoja ya ukabaila, sisi twaiona kuwa ndiyo sababu kubwa ya kutunza. Mikarafuu mingi ya zama zile iliangushwa na tufani ya mwaka 1872. Watumwa wenyewe hawakuachiwa makaburi yenye majina. Tukiliondoa jengo la bwana, tutakuwa tumemwondolea mashitaka, wala hatutakuwa tumemheshimu mtumwa. Mwalimu na awapeleke wanafunzi wake pale, kisha awaulize: maji haya hayakujiteka, nani aliyateka? Kuni nani alizikata? Birika lile litajibu yale ambayo mapambo hayasemi.

Twapaswa pia kujihadhari tusitunze kinachopendeza peke yake. Kizimbani, si mbali na Kidichi, ipo hamamu nyingine isiyo na nakshi. Jengo lisilopambwa ndilo linalokuwa rahisi kuvunjwa, kwani halina wa kulisemea. Na pengine ndilo lifananalo zaidi na maisha ya kila siku ya shamba.

Kutunza nako kuna masharti. Ukuta wa mawe na chokaa hutengenezwa kwa chokaa. Ukipakwa saruji, unyevu hufungiwa ndani na ukuta huoza taratibu. Paa lizibwe kabla ya mvua za masika, na miche iotayo kwenye nyufa ing'olewe ingali michanga. Kazi hizi zataka ada na mikono ya wenyeji, nao ni haki yao kuonja faida ya wageni wajao.

Kuhifadhi si kutukuza. Taifa huru halilazimiki kuyapenda yote liliyorithi, bali halina budi kuyajua. Mwacha asili ni mtumwa. Na asili yetu imo katika mkono uliobeba maji, si katika mwili uliooga peke yake.