Maumivu ya gofu: namna kine anatunza kiwiko, mgongo na bega

Katika muji wa Lubumbashi, ukisema Golf watu wengi wanafikiri kwanza kartie, kisha mchezo. Na mchezo wenyewe unaonekana wa pole: watu wanatembea, wanapiga mpira mdogo, wanatembea tena. Lakini toka fimbo inapoanza kushuka mpaka kugusa mpira, inapita kama robo ya sekunde tu. Katika kitambo hicho kiuno kinazunguka, mgongo unajipinda, na viwiko vinapokea mshituko. Mtu akirudilia tendo hilo mara makumi kwa siku, bila kupasha mwili moto, mwisho kitu kinalalamika.

Hapa Haut-Katanga kuna jambo lingine. Kuanzia mwezi wa 5 mpaka wa 9 mvua ni kama hakuna, na udongo mwekundu unakuwa mgumu kama tofali. Fimbo ikikosa mpira na kupiga chini, mshituko unapanda mpaka kiwiko. Na asubuhi za mwezi wa 6 na wa 7 ni za baridi, musuli ungali umekaza.

Maumivu hayo si ya wachezaji peke yao. Kijana anayebeba mfuko wa fimbo kwenye bega moja, masoni anayepiga nyundo, mchimbaji anayeinua piki kutwa nzima: wote wanatumikisha sehemu zile zile za mwili. Maumivu ya upande wa ndani wa kiwiko yanaitwa «kiwiko cha gofu», hata kama mgonjwa hajashika fimbo ya gofu hata siku moja.

Panapoumia zaidi

Mgongo wa chini: unaumia kwa sababu ya kujipinda kwa nguvu, zaidi kama nyonga na kifua havizunguki vizuri.

Kiwiko: kwa mtu anayetumia mkono wa kuume, kiwiko cha kuume kinaumia mara nyingi upande wa ndani, na cha kushoto upande wa inje. Kinachoumia ni kano, ile kamba ngumu inayoshikisha musuli kwenye mfupa.

Kifundo cha mkono: kinaumia fimbo inapogonga jiwe, muzizi ao udongo mkavu.

Bega: zaidi la kushoto kwa mtu wa mkono wa kuume, kwa sababu ndilo linavutwa sana fimbo inapopanda na inapomaliza.

Kano haiponi kwa kulala

Wengi wanafanya moja ya mambo mawili: kuacha kabisa kutumia mkono mwezi mzima, ao kwenda kukandwa kwa nguvu mpaka machozi yatoke. Yote mawili hayafikishi mbali. Kano isiyofanya kazi inalegea, na ile inayokandwa kwa nguvu inachokozwa zaidi. Kine anafuata njia ya katikati: anapunguza mzigo, kisha anaurudisha kidogo kidogo, mpaka kano izoee tena.

Siku za kwanza, acha tendo lile linaloamsha maumivu, lakini endelea kutumia mkono kwa kazi nyepesi. Barafu iliyofungwa katika kitambaa, dakika 10 mpaka 15, inaweza kutuliza.

Kisha, kwa maumivu ya ndani ya kiwiko, keti karibu na meza, weka mkono juu yake, kiganja kikiangalia juu, na kifundo kikipita ukingo wa meza. Shika chupa ya maji ya nusu litre. Ishikilie bila kuisogeza sekunde 30, pumzika, rudilia mara 5.

Ukizoea, inua chupa kwa kusaidiwa na mkono mwingine, halafu ishushe polepole ukihesabu mpaka 4. Fanya mara 15, pumzika, na urudilie hivyo mara 3, kila siku. Kama kinachouma ni upande wa inje, kiganja kiangalie chini. Baadaye ongeza mpaka chupa ya litre moja.

Maumivu kidogo wakati wa zoezi si kitu. Lakini kama kesho yake asubuhi panauma kuliko jana, mzigo ulikuwa mwingi: upunguze. Kazi hii inaomba subira ya wiki 6 mpaka 12, mara nyingine zaidi.

Kwa mgongo, kukaa kitandani siku nyingi kunadhuru. Kine anaagiza kutembea, kuinua makalio ukiwa umelala chali, na kuzoeza nyonga na kifua kuzunguka. Kwa bega, anaanza na mazoezi ya kuvuta kamba ya mpira, kiwiko kikiwa karibu na mbavu.

Sindano na vidonge

Sindano ya kortizone inaondoa maumivu ya kiwiko haraka, ndiyo sababu watu wanaipenda. Lakini uchunguzi uliochapwa mwaka 2010 katika jarida The Lancet ulionyesha kwamba, kwa maumivu ya upande wa inje wa kiwiko, nafuu hiyo ni ya wiki chache. Kisha waliochomwa sindano walikuwa na hali mbaya kuliko wengine. Vidonge vya diklofenaki ao ibuprofeni vinavyonunuliwa farmasi bila kuuliza vinaweza kudhuru tumbo na figo vikitumiwa muda mrefu.

Usingojee kine, nenda kwa daktari

Nenda lopitali haraka kama mgongo unauma pamoja na ganzi katikati ya mapaja, mguu kukosa nguvu, ao kushindwa kuongoza mkojo. Vilevile kama kuna homa, kukonda na maumivu ya usiku: kifua kikuu kinaweza kushika uti wa mgongo. Na kama kifundo kinauma sana upande wa kidole kidogo baada ya fimbo kugonga chini, omba picha, sababu kuna mfupa mdogo pale unaoweza kuvunjika.

Kurudi kiwanjani ao kazini

Mchezaji anaanza na mipira ya karibu na shimo, kisha nusu ya pigo kwa fimbo fupi, kisha pigo zima, akipumzika siku moja katikati. Tiger Woods aliunganishwa mifupa ya mgongo mwezi wa 4 mwaka 2017. Alirudi kwa hatua, na mwaka 2019 alishinda Masters.

Masoni na mchimbaji hawana miezi ya kupumzika. Kwao inasaidia kubadilisha mikono, kuongeza unene wa mpini kwa kuuzungushia mpira wa kinga, na kugawa kazi nzito katika vipindi vifupi. Kijana wa mifuko abebe kwa mikanda miwili mgongoni. Na mwenye franga kidogo aombe kine amfundishe mazoezi siku ya kwanza, ayafanye nyumbani, kisha arudi kukaguliwa baada ya wiki 2 ao 3. Chupa ya maji inatosha kuanza.