Nani Alikutuma Dukani?

Tunapomkuta kijana wa sekondari anavuta sigara nyuma ya Soko Kuu, haraka tunasema ameharibiwa na makundi mabaya. Juma hili nataka turudi nyuma kidogo.

Huku chini ya Mlima Meru tumbaku ni ya zamani kuliko pakiti. Kwa Waarusha, ndugu wa Wamaasai kwa lugha na kwa marika, ilikuwa heshima ya wazee. Aliyetaka baraka, au mchumba, alikwenda na tumbaku mkononi. Kijana aliibeba, hakuitumia mbele ya mzee.

Kisha ikaja sigara, ambayo haiombwi kwa mzee. Inanunuliwa. Kiwanda cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961. Azimio la Arusha la 1967 likaipa serikali hisa nyingi, na serikali iliyokuwa ikijenga zahanati ikawa pia muuza sigara! Mwaka 1995 sehemu kubwa ikauzwa kwa R.J. Reynolds ya Marekani. Huko kwao kampuni hiyo ilikuwa ikilaumiwa kwa katuni ya ngamia iitwayo Joe Camel. Utafiti wa mwaka 1991 ulionyesha kwamba watoto wa miaka 6 walimtambua ngamia huyo karibu sawa na Mickey Mouse. Aliondolewa kwenye matangazo mwaka 1997.

Sheria yetu ya kukataza kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18 ilitungwa 2003. Mwaka huohuo wanafunzi wa Arusha, Kilimanjaro na Dar es Salaam walihojiwa katika uchunguzi wa kimataifa. Je, wazazi wako wanavuta? Rafiki zako? Muuzaji amewahi kukukatalia kwa sababu ya umri?

Mimi ningeongeza swali moja: nani alikutuma dukani?

Nilikuwa na miaka 9. Baba mkubwa aliita kutoka uani: "Wee, kaniletee sigara mbili, moja uiwashe kabisa huko jikoni." Sasa, msikilizaji, sigara haishiki vizuri moto wa kuni mpaka uivute. Nikavuta, nikakohoa hadi machozi yakatoka. Wazee wakacheka, mmoja akasema nimeshakuwa mwanaume. Hapakuwa na tangazo pale, wala rafiki mbaya. Palikuwa na baba mkubwa, na chenji akaniachia.