Askari wa Boma la Usumbura na Heshima Waliyoitafuta



Wenzangu walipogawana kazi ya kukiandika kitabu hiki cha ukumbusho, mmoja alichukua habari za misikiti, mwingine habari za vyuo na walimu wake, na mwingine habari za wafanya biashara waliovuka ziwa kutoka Ujiji na Uvira. Mimi nikapewa habari za askari. Nakiri kwamba sikuifurahia sana sehemu yangu, maana katika mji wetu habari za askari wa zamani husimuliwa kwa namna mbili tu. Ama mtu hujisifu kwamba babu yake alikuwa shaushi wa Mdachi, na hapo hutajwa bunduki na kofia na ukali wake. Ama mtu hunyamaza, kwa kuwa ajua bunduki ile ilielekezwa kwa nani. Mimi nataka kuuliza jambo jingine. Watu wale walipotoka makwao wakaja kukaa katika boma la ufukweni, walikuwa wakitafuta nini? Na mwisho wa utumishi wao, ni mtu gani aliyehesabiwa na wenziwe kuwa amefanikiwa?

Usumbura, kama mji wetu ulivyoitwa wakati huo, ilianza kuwa kituo cha kijeshi cha Wadachi mwaka 1897. Kabla ya hapo, nchi hii ya Uzige iliwahi kuguswa na nguvu za Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, ambaye makao yake yalikuwa Ujiji, na ambaye alijaribu kuingia Burundi asiweze kumshinda Mwami Mwezi Gisabo. Kwa hiyo Kiswahili na Uislamu vilikwisha kuuonja mchanga wa ufuko huu kabla ya boma kujengwa. Walakini boma ndilo lililowaleta watu wakakaa, wakaoa, wakazaa, wakazikwa hapa.

Jeshi lenyewe lilikuwa na asili ya mbali. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann aliandika askari Wasudani kama 600 huko Cairo, akawaongeza watu wa Kishangani kutoka Msumbiji, akaja nao pwani kupigana na Abushiri. Mwaka 1891 kundi hilo likafanywa rasmi kuwa jeshi la koloni. Wasudani walipopungua wakaandikwa Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na watu wa makabila mengine mengi. Lakini majina ya vyeo yalibaki yale yale ya jeshi la Misri, ambayo asili yake ni Kituruki: ombasha, maana yake mkuu wa watu kumi, kisha shaushi, kisha bashaushi, kisha sol, na juu yao wote efendi, ambaye alikuwa ofisa, ijapokuwa hakuna efendi aliyeweza kumwamuru Mdachi hata aliye mdogo wa mwisho. Hapo ndipo palipokuwa dari ya nyumba, na kila askari aliijua tangu siku ya kwanza.

Basi kwa nini waliingia? Watu husema ni mshahara, na kweli mshahara haukuwa haba. Askari wa kawaida alianzia kiasi cha rupia 20 kwa mwezi, wakati ambapo kibarua wa shamba alipata pungufu sana ya hapo, na mwenye cheo alizidi. Rupia hiyo ilihesabiwa kwa pesa 64 hata mwaka 1904, ndipo ikageuzwa kuwa heller 100. Lakini fedha ya askari haikukaa mfukoni. Ukiangalia jinsi alivyoitumia ndipo utakapoona alichokitaka.

Kando ya kila boma kulikuwa na kijiji cha askari. Humo kila mtu alikuwa na nyumba yake, na ndani ya nyumba hiyo mke au wake, watoto, ndugu wa mke, na kijana wa kumtumikia, aliyemchukulia bunduki na mizigo yake katika safari. Jeshi lilipokwenda vitani, wanawake nao walifuata nyuma, wakipika na kutafuta chakula. Wazungu wengi waliolitembelea jeshi hili walishangaa kuona msururu mrefu hivyo. Wao walidhani jeshi ni wanaume na bunduki. Kwa askari, msururu ule ndio uliokuwa ushahidi wa cheo chake.

Tukumbuke watu hawa walikotoka. Wengi walikuwa wamezaliwa katika miaka ya misafara na vita vya utumwa. Wako waliokuwa wapagazi, wako waliowahi kuuzwa, wako waliopotelewa na jamaa zao wote wasijue wa kumwita mjomba wala shangazi. Kwa mtu wa namna hiyo, kufanikiwa si kuwa na mali. Ni kuwa na watu. Ni kuwa na mlango ambao wengine huja kuubisha hodi, kuwa na mkeka wa kumkalisha mgeni, kuwa na mtu wa kukuosha na kukuzika ukifa. Cheo cha ombasha kilikuwa njia ya kuufikia mlango huo. Neno walilolitumia ni heshima, na mpaka leo katika Kiswahili chetu neno hilo halimfai mtu aliye peke yake. Sharti awepo wa kumheshimu.

Hapa ndipo penye uchungu wa habari hii, wala sitaki kuupita mbio. Heshima hiyo ilinunuliwa, na waliolipa hawakuwa askari peke yao. Katika safari za vita sehemu ya ng'ombe na mbuzi waliotekwa iliwafikia askari, na katika vita vingine vya koloni hata wanawake walitekwa wakaingizwa katika nyumba za kijiji kile. Kiboko kilipopigwa, kwa ile hesabu iliyojulikana nchi nzima kwa jina la hamsa ishirini, mkono uliokishika ulikuwa wa askari mweusi. Mwaka 1903 Kapteni von Beringe alitoka katika boma letu la Usumbura na askari wake, akampiga vita Mwezi Gisabo kwa msaada wa Maconco na Kilima waliokuwa maadui wa Mwami, na tarehe 6 Juni 1903 Mwami akakubali masharti huko Kiganda, akatozwa ng'ombe zaidi ya 400. Hata Gavana von Götzen, Dar es Salaam, hakupendezwa na kitendo hicho. Lakini askari aliyerudi Usumbura kutoka Kiganda alirudi akiwa mtu mkubwa zaidi, na kwa Murundi wa milimani aliyechomewa nyumba yake, neno Mswahili lilipata maana ambayo wajukuu wa askari wameirithi bila kuitenda.

Huyu Beringe ana habari nyingine, ambayo naileta kwa kuwa inafunza jambo juu ya majina. Mwezi Oktoba 1902, akiwa katika safari iliyoanzia hapa Usumbura, alipanda mlima Sabinyo pamoja na daktari mmoja wa jeshi na askari wachache, akapiga risasi nyani wakubwa ambao wataalamu wa Ulaya walikuwa hawajawajua. Sokwe wale wa milimani wakapewa jina lake katika vitabu vya elimu ya wanyama, na wanalo hata leo. Askari waliopanda naye mlima ule, wakalala naye katika baridi, hawakutajwa majina. Mnyama alipata jina la kapteni. Askari hakupata hata lake mwenyewe.

Ama dini, lazima tuseme kweli. Uislamu wa askari wengi ulianza kuwa wa nguo kabla haujawa wa moyo. Kuruta aliyetoka bara aliona kwamba watu wenye hadhi katika kijiji cha boma huvaa kanzu na kofia, huchinja kwa bismillahi, huwatahiri watoto wao na husherehekea Idi, naye akataka kuwa kama wao. Pombe nayo ilinywewa, tena sana. Mapadri walilalamika kwa serikali kwamba jeshi linaeneza Uislamu, na kwa upande wao hawakukosea. Lakini nguo huweza kumvuta mtu mpaka ndani. Askari aliyestaafu akakaa mjini, alikuta kwamba kofia ya jeshi haimpi nafasi msikitini. Hapo aliulizwa mambo mengine: Je, anaswali na wenziwe? Je, anatoa sadaka? Je, anafika mazikoni? Je, amewapeleka watoto wake chuoni? Bashaushi wa jana akajikuta amesimama safu moja na mvuvi na mshona kofia, imamu wake akiwa mtu ambaye hajapata kushika bunduki. Yasemekana wengine hawakuliweza jambo hilo, wakabaki wakipiga kelele barazani. Wengine waliliweza, na hao ndio waliopata heshima ambayo haikuvuliwa pamoja na magwanda.

Ilikuwa bahati kwao, maana magwanda hayakudumu. Vita vya mwaka 1914 vilipoanza, jeshi zima lilikuwa na askari kama 2,500 katika makampuni 14, na kampuni ya 9 ilikuwa hapa Usumbura. Mwezi Juni 1916 Wabelgiji wakauteka mji kutoka Kongo, na Wadachi wakarudi nyuma upande wa mashariki. Tarehe 19 Septemba 1916 Tabora nayo ikaanguka. Kule Tabora, katika karakana ya reli, Wadachi walikuwa wamepiga sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, lakini askari hakuiona dhahabu hiyo. Aliandikiwa deni tu. Jeshi liliposalimu amri huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, karibu na mwisho wa kusini wa ziwa letu hili hili, tarehe 25 Novemba 1918, lilikuwa na askari kiasi cha 1,200. Wengi sana walikuwa wamekufa, wengine wametekwa, wengine wametoroka kurudi kwa wake zao. Hao wa mwisho katika vitabu vya jeshi huitwa watoro. Kwa yule aliyeingia jeshini ili apate kuwa na watu, sijui kama jina hilo lamfaa.

Serikali ya Ujerumani ilitulipa kidogo, wazee walisema, katika miaka ya 1920, na wengi hawakufikiwa. Ndipo mwaka 1964, mwaka ule ule aliokufa jenerali wao wa zamani, von Lettow-Vorbeck, bunge la Ujerumani Magharibi lilipokubali kuwalipa askari waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba wazee kama 350 walikusanyika Mwanza, na wachache tu ndio waliokuwa na vyeti. Wengine walileta vipande vya magwanda yaliyochakaa, wengine hawakuleta kitu. Mwenye kulipa akampa kila mmoja ufagio, akamwamuru kwa Kijerumani aushike kama bunduki na kuupeleka begani. Hakuna aliyekosea. Habari hii huko Ulaya husimuliwa kama jambo la kuchekesha na la kusifu utii. Mimi kila nikiisikia naona haya kwa niaba ya wazee wale. Mtu mwenye wajukuu, ambaye huenda kwao huitwa sheikh au mzee wa mtaa, anasimamishwa juani kucheza gwaride na ufagio ili athibitishe kwamba aliwahi kuishi.

Wakati wa Wabelgiji ulinzi wa mji ulishikwa na askari wa Force Publique kutoka Kongo, waliosema Kilingala, na wana wa askari wa Mdachi wakaingia katika kazi za mji: ufundi, uvuvi, ushonaji, uchuuzi. Buyenzi ikawa kwao. Baada ya uhuru wa tarehe 1 Julai 1962 jeshi la taifa lilikuwa na historia yake, ambayo mengi yake ni ya machozi, na si ya kuwekwa katika kurasa hizi chache. Nitataja moja tu. Kuanzia Desemba 2007 Burundi ilipeleka wanajeshi Somalia chini ya Umoja wa Afrika. Posho ya mwanajeshi mmoja ilikuwa dola 1,028 kwa mwezi, na serikali ikizuia 200 katika hizo. Waliorudi salama walinunua viwanja, wakajenga, wakaoa, wakawaita ndugu zao kutoka milimani waje kukaa nao. Pita leo katika vitongoji vya Bujumbura utaonyeshwa nyumba hizo kwa kidole. Nyingine zimejengwa na wajane. Mimi niliposikia jambo hilo nilikumbuka mara moja kijiji cha kando ya boma: mlango, mkeka, na watu.

Sasa ombi langu kwa wasomaji. Chama kinakusudia kuhifadhi majina ya wazee wetu wote waliofika hapa pamoja na jeshi lile, wema wao na wasio wema. Aliye na cheti, picha, kifungo cha gwanda, au jina tu alilolisikia kwa bibi yake, alilete kwa katibu baada ya swala ya Ijumaa. Tena tusiandike wanaume peke yao. Wanawake walioufuata msururu mpaka Kiganda na kurudi, na wale waliobaki Usumbura na watoto mwezi Juni 1916 wasijue waume zao wamefika wapi, hao hatuna hata jina lao moja katika daftari.