Mukono uliopotea: gisi ekografia iliingia ndani ya operasio ya matundu madogo

Mara hii tunaongea historia ya lopitali, hata kama mwenye kuandika ni mutu wa agronomia. Musishangae. Mutaona ng'ombe nao wanaingia mu hii historia, na karanga pia.

Kuna operasio moja ambayo jamaa nyingi za kwetu zinaijua, hata kama haina jina. Mugonjwa anaumwa tumbo miezi na miezi. Jamaa wanakusanya feza: mumoja anauza mbuzi, mwingine anauza kipande cha shamba, kanisa nalo linasaidia. Munganga anafungua tumbo, anakuta kansere imekwisha kusambaa mu ini, anafunga tena. Hakuna kosa alilofanya, juu hakuwa na njia ingine ya kujua. Lakini mugonjwa anabaki na kidonda kikubwa mu siku zake za mwisho, na jamaa wanabaki na deni. Historia ya leo ni ya watu waliotafuta kujua mbele ya kukata. Iko na njia mbili, njia ya jicho na njia ya sauti, na zote mbili zilikuja kukutana ndani ya tumbo moja.

Njia ya jicho

Mwaka 1901, Georg Kelling, munganga wa Dresden kule Ujerumani, alichukua imbwa, akajaza tumbo lake hewa, akaingiza chombo chembamba cha kuangalilia ambacho kilitengenezwa juu ya kibofu cha mikojo. Akaona viungo vya ndani bila kupasua tumbo lote. Mwaka 1910, Hans Christian Jacobaeus wa Stockholm, Uswedi, akaandika gisi alifanya vile kwa watu. Kisha hapo, kwa miaka mingi, kazi ile ilibaki zaidi ya kuangalia, na walioipenda walikuwa waganga wa magonjwa ya ndani na waganga wa wanawake. Wapasuaji wakubwa hawakuijali. Kwao, mupasuaji wa kweli anafungua pana na anaingiza mukono.

Aliyevunja ukuta huo ni Kurt Semm, munganga wa wanawake wa Kiel, Ujerumani. Mwaka 1980 alitoa apandisite kupitia matundu madogo. Mutafikiri walimupigia makofi? Hapana. Wapasuaji wenzake walikasirika, na kulikuwa wale waliotaka asimamishwe kazi. Mwaka 1985, Erich Mühe wa Böblingen, kule kule Ujerumani, akatoa kifuko cha nyongo kwa njia hiyo. Alipoeleza kazi yake mbele ya wapasuaji wenzake mwaka 1986, hawakumuamini. Ni kisha Philippe Mouret kufanya vile kule Lyon, Ufaransa, mwaka 1987, njo moto uliwaka. Kamera ndogo ilikuwa imekuja, picha ilionekana kwenye ekrani, watu wote mu chumba waliweza kuona pamoja na kusaidiana. Ndani ya miaka michache tu, kutoa kifuko cha nyongo kwa matundu madogo kulikuwa kawaida mu lopitali kubwa za Ulaya na Marekani. Wafaransa wanaiita cœlioscopie, na jina hilo njo tunalolisikia hata kwetu.

Faida iko wazi: kidonda kidogo, maumivu kidogo, mugonjwa anarudi nyumbani mbio. Lakini kulikuwa bei ya kulipa.

Kile mukono ulikuwa unajua

Mama wa soko hapasui avoka ili ajue kama imeiva. Anaibonyeza kidogo na kidole, anajua. Mupasuaji wa zamani alifanya vile vile. Alipitisha vidole juu ya ini, akasikia kitu kigumu ndani ambacho jicho haliwezi kuona. Alishika kongosho, akatambua uvimbe mudogo. Alipapasa mufereji wa nyongo, akasikia jiwe. Alisikia mushipa mukubwa unapiga, akajua hapa hapafai kukata.

Mu operasio ya matundu madogo, mukono unabaki inje. Kinachoingia ni vyuma virefu na kamera. Chuma hakisikii sawa kidole. Kamera nayo inaona ngozi ya juu tu ya kiungo: ini linaonekana muzuri, linametameta, kumbe ndani yake mna uvimbe. Ni sawa mutu anayechagua avoka nyuma ya kioo cha dirisha.

Hii haikuwa maneno ya vitabu tu. Mu ile miaka ya kwanza, waganga waliona kwamba mufereji mukubwa wa nyongo ulikuwa unakatwa kwa makosa mara nyingi kupita zamani. Mutu aliingia juu ya operasio ndogo, akatoka na ugonjwa mukubwa. Jicho lilikuwa limeshinda, lakini lilimupokonya mupasuaji vidole vyake. Nani atavirudisha?

Njia ya sauti

Jibu lilitoka mahali ambapo hakuna mupasuaji aliyekuwepo. Mwaka 1880, mu muji wa Paris, ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, waliona kwamba mawe fulani kama kwatsi, ukiyabana, yanatoa umeme. Kinyume chake pia ni kweli: ukiyapa umeme, yanatetemeka. Mu vita vya kwanza vya dunia, Paul Langevin, aliyekuwa mwanafunzi wa Pierre Curie, alitumia kwatsi kutuma sauti ndani ya bahari ili kutafuta mashua za vita zinazojificha chini ya maji. Sauti inaenda, inapiga kitu, inarudi. Ukihesabu muda wake, unajua kitu kile kiko mbali gani. Ni sauti ya juu sana: sikio la mutu linafika karibu mitetemo 20.000 kwa segonde, hii inapita hapo.

Kisha vita, viwanda vilichukua ufundi huo kutafuta nyufa ndani ya vyuma. Na hapa anaingia Ian Donald, profesa wa uzazi wa Glasgow, Uskoti. Mwaka 1955 alipakia mu kofre ya gari uvimbe zilizotolewa mu matumbo ya wagonjwa, akazipeleka mu kiwanda cha Babcock & Wilcox kule Renfrew, walikotengeneza matanki makubwa ya kuchemshia maji. Aliomba wazipime na masini ile ya nyufa. Kiwanda kilimupatia pia kipande kikubwa cha nyama ya ng'ombe ili kulinganisha. Uvimbe wenye maji na uvimbe mugumu zilitoa mwangwi tofauti. Akafurahi kabisa.

Akafanya kazi pamoja na fundi kijana, Tom Brown, na munganga John MacVicar. Siku moja wakapima mwanamuke ambaye waganga wengine walisema iko na kansere ya tumbo isiyoweza kupasuliwa. Sauti ikaonyesha kitu kingine: mufuko mukubwa wa maji kwenye ovari. Wakaufungua, wakautoa, mama akapona. Mwaka 1958 wakachapisha kazi yao mu gazeti The Lancet. Muone vile: tangu mwanzo, ekografia ilikuwa juu ya swali letu, nani apasuliwe na nani asipasuliwe.

Na ng'ombe? Kule Denver, Marekani, Douglass Howry alijenga masini ya ekografia juu ya duara la bunduki la ndege ya vita B-29. Mugonjwa alikaa ndani ya maji, chombo kinamuzunguka. Mwaka 1956, Howry huyo huyo alikuwa kati ya walioandika juu ya kupima unene wa mafuta ya ng'ombe wazima kwa sauti, ili mufugaji ajue samani ya nyama mbele ya kuchinja. Bandugu wa agronomia, hii ni mali yetu pia. Swali la mufugaji na swali la mupasuaji ni moja: kujua yaliyo ndani bila kufungua.

Mahali njia zilikutana

Mwaka ule ule wa 1958, kule Japani, Yamakawa na wenzake waliandika juu ya kuingiza chombo cha sauti ndani ya tumbo kupitia njia ya kuangalilia. Lakini masini ya wakati ule ilitoa mistari tu inayopanda na kushuka, hakuna picha. Mwaka 1963, Knight na Newell wakaandika gisi walivyotumia sauti kutafuta mawe ya nyongo mu operasio ya kufungua tumbo. Mawazo yalikuwa mazuri, masini njo ilikuwa bado.

Mambo yalibadilika wakati masini zilianza kuonyesha picha inayotembea. Kule Tokyo, mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980, Masatoshi Makuuchi alikuwa na shida kubwa: wagonjwa wake wa kansere ya ini walikuwa na ini lililokwisha kukauka na kuwa gumu. Ini la namna hiyo huwezi kukata kipande kikubwa, mugonjwa atakufa. Na uvimbe mudogo ndani ya ini gumu, kidole hakiusikii. Makuuchi akaweka sonda ya ekografia moja kwa moja juu ya ini, akaona mushipa unaolisha kipande chenye ugonjwa, akaingiza humo sindano yenye rangi. Kipande kile kikabadilika rangi, akakata kile tu. Aliichapisha mwaka 1985. Sasa sauti ilikuwa inaongoza kisu.

Kilichobaki ni kuipunguza sonda. Mu miaka ya 1990 zilikuja sonda nyembamba za milimetre 10, zenye kupita mu tundu lile lile la vyuma, zingine na kichwa kinachopindika. Na hapa kuna shida moja ya kujua. Mu operasio ya matundu madogo, tumbo linajazwa gazi karbonike ili kupata nafasi, na sauti hii haipiti mu gazi. Basi sonda lazima iguse kiungo chenyewe, na wakati fulani wanaweka maji ya chumvi kati yao. Lakini kugusa huko njo nguvu yake. Ekografia ya kawaida inapita ngozi, mafuta na hewa ya matumbo mbele ya kufika kwenye ini. Hii iko juu ya ini kabisa, basi inaweza kutumia sauti ya juu zaidi, karibu mitetemo milioni 7 ao zaidi kwa segonde. Sauti hiyo haifiki mbali, lakini inaonyesha vitu vidogo sana. Na Doppler inaonyesha damu inayotembea: mushipa uko hapa, mufereji wa nyongo uko pale.

Mwaka 1994, wapasuaji wa Edinburgh, Uskoti, walichapisha kazi yao juu ya wagonjwa wenye uvimbe wa ini. Kati ya wagonjwa 43 waliopimwa na kamera pamoja na sauti, 14 walikuwa na uvimbe ambazo kamera haikuona, sauti tu njo iliziona. Ni mutu mumoja kwa kila watatu. Nyuma ya hesabu hiyo kuna watu ambao, bila sauti, wangefunguliwa tumbo lote juu ya bure.

Leo sonda hiyo inatafuta mawe mu mufereji wa nyongo bila miale ya X, inaonyesha uvimbe mudogo wa kongosho, inaongoza sindano inayochoma kansere ya ini kwa joto. Haiondoi hatari yote. Sonda haijui kitu yenyewe. Anayejua ni mutu anayeisoma. Mupasuaji asiyejifunza kusoma picha ile ataona wingu la kijivu tu.

Na sisi?

Kwetu operasio ya matundu madogo si hadisi ya mbali. Guy-Bernard Cadière, mupasuaji wa Bruxelles, ameileta Panzi, Bukavu, akifanya kazi pamoja na munganga Denis Mukwege, na mwaka 2019 wawili hao walichapisha kitabu pamoja. Ekografia nayo, kila mama mwenye mimba anaijua. Njia mbili ziko kwetu tayari, hata kama bado hazijakutana mahali pengi.

Na tuko na sababu ya kutaka zikutane. Kansere ya ini, ambayo Makuuchi alipigana nayo, inaletwa sana na virusi vya epatite B, na pia na aflatoksini, sumu ya kuvu inayoota mu mahindi na karanga zisizokauka muzuri. Epatite B iko na chanjo yake. Kuvu ni kazi yetu sisi wa mashamba: kukausha mbio, kuweka mbali na udongo, kutupa karanga zilizoharibika kuliko kuzisaga na zingine. Munganga anatafuta uvimbe kwa sauti. Sisi tunaweza kuuzuia mbele haujazaliwa.

Lakini kwa yule ambaye amekwisha kuugua, historia hii inatuachia neno moja. Semm na Mühe walionyesha kwamba tundu dogo linatosha. Donald na Makuuchi walionyesha kwamba jicho peke yake halitoshi. Siku lopitali yetu inapokea masini ya kamera kama zawadi, tusiishie kupiga picha mbele yake. Tuulize: sonda ya ekografia iko wapi, na nani atafundishwa kuisoma? Bila majibu hayo mawili, tutakuwa tumenunua dirisha, na avoka bado tunaichagua nyuma ya kioo.

Bandugu wa medesini walio mu asosiasio, neno ni lenu sasa. Mutuongezee.