Haki ya Kuaga: Abagusii na Historia ya Kuacha Kazi

Kijana wa Kisii au Nyamira akipata kazi iliyo bora kuliko aliyo nayo, huandika barua ya kujiuzulu, hutoa notisi, hukabidhi funguo na mafaili, kisha huwaaga wenzake. Wengi huliona jambo hili kuwa adabu ya ofisini tu, kitu ambacho mtu mwenye haraka anaweza kukiruka. Historia ya Gusii yaonyesha vingine. Kwa miongo kadhaa ya ukoloni, mfanyakazi Mwafrika hakuwa na njia halali ya kumwacha mwajiri wake kwa hiari yake mwenyewe kabla mkataba haujaisha, hata kama aliitiwa mshahara maradufu kwingine. Alibaki, au alitoroka. Kuaga vizuri ni haki iliyopatikana kwa mapambano marefu, na haki ya namna hiyo hudumu ikitumiwa. Anayetoweka kazini leo bila neno anajinyima kitu ambacho waliomtangulia walikitafuta wasikipate.

Abagusii hawakuingia katika kazi za mshahara kwa kupenda. Boma la Waingereza lilianzishwa Kisii mwaka 1907, na mwanzoni mwa 1908 Mgusii aitwaye Otenyo alimchoma mkuki afisa wa utawala, G. A. S. Northcote. Jeshi likaja kulipiza kisasi. Nyumba zikachomwa na ng'ombe wakatekwa. Kodi ya kibanda ilidai fedha taslimu kwa watu ambao mali yao ilikuwa mifugo na wimbi. Mapema katika miaka ya 1910 serikali ikavunja ebisarate, kambi za ng'ombe ambako vijana waliishi wakilinda mifugo ya ukoo. Vijana hao walikosa shughuli yao ya asili wakati uleule ambao kodi ilikuwa ikidaiwa. Vita Kuu ya Kwanza ikawachukua wanaume wengi wa Nyanza kuwa wapagazi wa jeshi. Kwa hiyo kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilipoanza kupanda chai Kericho katikati ya miaka ya 1920, jirani kabisa na nchi ya Gusii, zilikuta watu waliokwisha kusukumwa kuelekea kwenye ajira.

Kuingia kulikuwa rahisi, kutoka ndiko kulikokuwa na mtego. Sheria ya Mabwana na Watumishi ya mwaka 1906, iliyofanyiwa marekebisho 1910 na baadaye, ilifanya kuvunja mkataba wa kazi kuwa kosa la jinai kwa mtumishi. Aliyeondoka kabla ya muda wake aliitwa mtoro, na mtoro alipigwa faini au akafungwa jela. Kisha kikaja kipande. Sheria ya usajili ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa vita vilipokwisha, na ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 au zaidi kubeba karatasi yenye alama za vidole vyake. Wengi waliiweka ndani ya kijaluba cha bati kilichofungwa kamba na kuvaliwa shingoni. Humo mwajiri aliandika tarehe ya kuajiriwa, kiwango cha mshahara, na tarehe ya kuachiliwa pamoja na saini yake. Bila saini ile ya mwisho, mwenye kipande alihesabiwa kuwa bado ni mtumishi wa bwana wa zamani, na mwajiri mpya hakuruhusiwa kumchukua.

Tuitazame karatasi ile kwa makini, maana ndani yake mna hoja nzima. Nafasi ya saini ilimpa mwajiri uwezo wa kumzuia mtu kwa kunyamaza tu. Nafasi ya mshahara ilifanya kazi nyingine ya siri zaidi: kila mwajiri mpya aliona mtu huyu alilipwa shilingi ngapi alikotoka, naye hakuona sababu ya kumwongeza. Mtu angeweza kubadilisha shamba mara tatu na malipo yasibadilike hata mara moja. Kulikuwa pia na utaratibu wa tikiti ya siku 30, ambapo kibarua alilipwa baada ya kukamilisha siku 30 za kazi zilizotiwa alama, si siku za kalenda. Aliyeondoka siku ya 20, labda kwa msiba au kwa msimu wa kupanda nyumbani, alihatarisha malipo ya jasho lote alilolitoa. Mambo haya matatu, yaani jela, saini na tikiti, yalilenga jambo moja: mfanyakazi asiweze kusema kwamba amepata pazuri zaidi.

Msomaji anaweza kusema kwamba, ikiwa hali ilikuwa hiyo, kutoroka ndiko kulikokuwa na heshima, na si haki kumlinganisha mtoro wa 1925 na barua ya kujiuzulu ya leo. Nakubali sehemu ya kwanza ya hoja hii kwa moyo wote. Mtu aliyekimbia usiku kutoka shamba lililomfunga kisheria hakuvunja uaminifu wowote, kwa sababu uaminifu haudaiwi pale ambapo hakuna uhuru wa kukataa. Lakini tuangalie pia gharama ya njia ile. Mtoro aliacha ujira wake nyuma, aliishi akiwaogopa polisi, na kila alikoomba kazi kipande chake kilimsaliti. Ndiyo maana wanyonge wenyewe hawakuridhika na kutoroka. Katika mkutano wa Lundha, Nyanza, mwezi Desemba 1921, vijana waliounda Young Kavirondo Association walidai kipande kiondolewe. Mwanaharakati Harry Thuku alikuwa akidai vivyo hivyo Nairobi, hadi alipokamatwa Machi 1922 na watu waliokusanyika kumtetea wakapigwa risasi. Madai yao hayakuwa kwamba watu waachwe watoroke kwa urahisi. Walitaka mfanyakazi aweze kuondoka mchana, kwa jina lake halisi, akiwa na ujira wake mfukoni.

Haki hiyo ilikuja polepole, na haikuletwa na sheria peke yake. Mwaka 1947 ilipitishwa sheria mpya ya kusajili watu wa rangi zote, na kipande kikaanza kuondoka. Lakini sheria isingemfaa mtu asiye na pengine pa kwenda. Hapa Gusii ilikuwa na bahati fulani. Katikati ya miaka ya 1930 ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza nchini ambako Waafrika waliruhusiwa kulima kahawa. Miaka ya mwanzo ya 1960, sehemu ya mashamba ya walowezi upande wa Sotik ilikatwa kuwa makazi ya wakulima Waafrika, na hivyo ndivyo Abagusii walivyopata mashamba Nyansiongo na kwingine katika Borabu ya leo. Baada ya kuundwa kwa KTDA, shirika la chai ya wakulima wadogo, mwaka 1964, zao hilo lilienea katika vilima vya Nyamira na Kisii. Mtu aliyechuma chai ya kampuni Kericho sasa angeweza kurudi kuchuma yake mwenyewe. Kuwa na pengine ndiko kulikompa sauti ya kuaga.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ndiyo iliyokamilisha mgeuko huo. Mtu anayelipwa kwa mwezi anaweza kuondoka kwa notisi ya maandishi ya siku 28, na anayelipwa kwa siku anaweza kuondoka siku inapokwisha. Hatakiwi kuomba ruhusa, anatoa taarifa. Akishaondoka, mwajiri analazimika kumpa cheti cha utumishi ikiwa alifanya kazi kwa wiki nne mfululizo au zaidi, na kukataa kukitoa kwa makusudi ni kosa. Cheti hicho hutaja jina la mwajiri na la mfanyakazi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, aina ya kazi na mahali ilipofanyiwa. Kiwango cha mshahara hakimo katika orodha hiyo, na mwajiri halazimiki kueleza tabia ya mtu. Kiweke kando ya kipande uone tofauti: saini ya mwajiri, ambayo zamani ilikuwa kufuli, leo ni deni analodaiwa yeye.

Pingamizi mbili zimebaki. Ya kwanza husema kwamba notisi ni desturi ya Wazungu inayomnufaisha tajiri. Lakini Abagusii walikuwa na risaga, utaratibu wa majirani kulimiana mashamba kwa zamu, na aliyezoea kukosa bila sababu naye alikosa wa kumsaidia zamu yake ilipofika. Kuwajibika kwa wale unaofanya nao kazi hakukuletwa na meli. Tena ukitoweka ghafla, anayebeba mzigo wako kwanza ni mwenzako wa zamu, na wanafunzi wako au wagonjwa wako, kabla mwenye mali hajajua kwamba haupo. Pingamizi ya pili ni nzito zaidi: kuaga kwa heshima kunawezekana kwa mwenye uwezo. Waziri Simeon Nyachae, mwana wa Gusii, alipoondolewa Wizara ya Fedha na kupelekwa Viwanda mwezi Februari 1999, alijiuzulu hadharani, akabaki mbunge, na mwaka 2002 akagombea urais. Alikuwa na biashara, mashamba na jina. Yaya au kibarua wa hoteli mjini Kisii hana, na pengine akitoa notisi leo, anafukuzwa leo bila malipo. Hilo ni kweli. Ila sheria humtaka mwajiri asiyetaka kungoja notisi imalizike alipe siku zilizobaki. Tatizo la yaya ni kwamba haki yake haitekelezwi, na haki isiyotekelezwa huzidi kudhoofika kila inapoachwa bila kudaiwa.

Kwa sababu hiyo wajibu uko pande zote mbili. Mwajiri wa Nyamira au Kisii anayechelewesha cheti, anayezuia mshahara wa mwezi wa mwisho au anayempigia simu mwajiri mpya kuharibu jina la anayeondoka, anarudisha kipande kwa mlango wa nyuma, na wafanyakazi wake watajifunza tena kutoroka. Mfanyakazi naye aandike barua fupi yenye tarehe, amalize siku zake, amfundishe atakayeshika nafasi yake, na aondoke bila kutukana wakunga, kwa kuwa uzazi ungalipo. Asifanye hivyo kwa kumwogopa bosi. Afanye hivyo kwa sababu kila mwajiri anayezoea kupokea barua ya kujiuzulu bila hasira anakuwa mwajiri ambaye mfanyakazi wa baadaye, mwenye nguvu chache kuliko yeye, ataweza kumwambia wazi kwamba amepata kazi bora na anakwenda.