Habari za Ufundi wa Ngozi katika Ngara na Biharamulo

Ikitajwa kazi ya kushona ngozi katika Afrika ya Mashariki, fikira za wengi huenda pwani. Huko Siu, katika kisiwa cha Pate, mafundi walijulikana tangu zamani kwa makubadhi yao, viatu vya ngozi vyenye gidamu, vilivyotiwa nakshi, na kingo zake zikakatwa sawasawa kwa kisu kikali. Kisha wengi hao hutazama bara, wakaona katika picha za wasafiri vazi la ngozi lisilo nakshi, ukingo wake umefuata umbo la mnyama mwenyewe, nao husema kwamba bara hapakuwa na ufundi, ila kuchuna na kuvaa tu. Hukumu hiyo imetolewa upesi mno. Yafaa ipimwe tena, na mahali pazuri pa kuipimia ni wilaya mbili za Kagera, Ngara na Biharamulo, kwa kuwa huko mambo yote yaliyoupata ufundi huu, mema na mabaya, yalionekana kwa karibu.

Nchi hizi mbili ni jirani lakini hazifanani. Ngara ni nchi ya milima yenye majani, nchi ya Wahangaza wa Bugufi na Washubi wa Bushubi, na mito miwili, Ruvubu na Kagera, hukutana huko karibu na maporomoko ya Rusumo. Bugufi ilikuwa sehemu ya ufalme wa Urundi, hata mapatano ya Milner na Orts ya mwaka 1919 yalipoiacha upande wa Waingereza. Kwa hiyo si ajabu kwamba desturi zake za ng'ombe na za ngozi zaelekea Burundi na Rwanda kuliko Unyamwezi. Biharamulo, iliyo mashariki na kusini yake, ni nchi ya Rusubi na Uzinza, yenye misitu mikubwa na mbung'o ndani yake. Ng'ombe hawastawi penye mbung'o. Basi Ngara ilikuwa na ngozi nzito ya ng'ombe, ilhali sehemu nyingi za Biharamulo zilitegemea ngozi ya mbuzi na ya wanyama wa porini.

Lakini Biharamulo ilikuwa na kitu kingine ambacho fundi wa ngozi hawezi kazi bila hicho, nacho ni chuma. Warongo wa Uzinza walikuwa wafua chuma mashuhuri, na majembe ya nchi ile yalichukuliwa mbali, hata Unyamwezi. Panapofuliwa jembe hapakosekani kisu cha kuparia wala msharasi wa kutobolea. Ngozi upande mmoja na chuma upande wa pili: hayo ni mambo ya kuangalia kabla ya kusema kwamba watu hawa hawakuwa na ufundi.

Mwaka 1861 Speke na Grant walipita nchi ya Usui, ndiyo Rusubi, wakienda Karagwe kwa Rumanyika. Mtawala wa Usui, ambaye Speke amwita Suwarora, aliwatoza hongo nzito ya nguo, shanga na nyaya za shaba. Habari hiyo husomwa kwa kawaida kama malalamiko ya msafiri. Kwa mwenye kufuata historia ya mavazi ina maana nyingine. Nguo ya pamba iliyokuja kutoka Unguja, hasa ile merikani iliyofumwa Marekani, iliingia kwanza kwa mlango wa mtawala, ikawa kitu cha heshima. Watu wa kawaida waliendelea na ngozi na magome ya miti kwa miaka mingi baadaye. Vazi la ngozi halikuwa dalili ya ufukara. Lilikuwa nguo yenyewe.

Lugha nazo zashuhudia jambo hili. Wanyarwanda waliita vazi la ngozi la mwanamke aliyeolewa *inkanda*. Katika Kikongo, mbali kabisa na huko, *nkanda* ni ngozi, kisha ikawa barua na kitabu. Na katika Kiswahili cha Kongo hata leo *mukanda* ni barua. Pwani kuna *ukanda* na *mkanda*, utepe wa ngozi wa kufungia. Neno hili limeenea katika lugha za Kibantu, nalo limetembea kutoka mgongo wa ng'ombe hata kiunoni mwa mtu na mkononi mwa karani. Neno la namna hii halikai muda mrefu hivyo penye watu wasiojishughulisha na kitu chenyewe.

Sasa tazama kazi ilivyokuwa. Ngozi mbichi iliwambwa chini kwa vigingi vidogo vingi, ikavutwa sawa pande zote, ikaparwa nyama na mafuta yote yaliyobaki. Kuwamba ni neno la fundi ngoma, na kwa kweli kazi ni moja. Ila ngozi ya ngoma huachwa ngumu, na ngozi ya kuvaa yataka kulainishwa. Katika nchi za maziwa makuu ulaini huo ulitokana na siagi na nguvu za mikono. Ngozi ilipakwa siagi, ikafikichwa, ikakanyagwa, ikasokotwa, ikapakwa tena, siku baada ya siku, hata nyuzi za ndani zikaachana na ngozi ikakunjika kama kitambaa. Hapakuwa na shimo la magome kama lile la watengenezaji wa pwani watumiao mkandaa. Mtu aweza kusema kwamba hii si ngozi iliyotengenezwa kamili, kwa kuwa ikilowa sana na kukauka hurudia ugumu, na hiyo ni kweli. Lakini mwenye ng'ombe alikuwa na siagi tena kesho.

Kushona ndiko kulikohitaji akili zaidi. Fundi hakupenyeza sindano moja kwa moja, kwani ngozi nene haipenyezeki hivyo. Alitoboa kwanza kwa msharasi, tundu kwa tundu, kisha akapitisha uzi. Uzi ulikuwa kano za mgongo wa ng'ombe, zilizokaushwa, zikachanwa nyembamba na kusokotwa pajani. Kano ina sifa ambayo uzi wa pamba hauna: ncha yake ikikauka huwa ngumu, ikapita tunduni bila sindano, ikitiwa maji hulainika, na ikikauka tena ndani ya mshono hujikaza na kuziba tundu. Tundu likiwa kubwa mno mshono hulegea. Matundu yakikaribiana mno ngozi hukatika kwa mstari, kama karatasi iliyotobolewa ili ichanwe. Vipimo hivyo fundi hakuviandika. Alivijua kwa kidole gumba.

Kitu kilichopima mshono kuliko vyote kilikuwa mbeleko. Huko Rwanda na Burundi ngozi ya kubebea mtoto huitwa *ingobyi*, nayo ilikuwa ngozi laini, aghalabu ya kondoo au mbuzi, yenye kamba za ngozi zilizoungwa pembeni na kufungwa kifuani mwa mama. Uzito wote wa mtoto ulikuwa juu ya miungo ile michache. Mama aliinama shambani, akavuka kijito, akapanda mlima na kuni kichwani, na mshono ukifumuka mtoto huanguka. Mtu akitaka kujua kama bara palikuwa na mshono wa kuaminika, asitazame viatu; atazame mbeleko.

Kuhusu rangi hapana maneno mengi. Nyeusi ilipatikana kwa masizi na siagi, na nyekundu kwa udongo mwekundu uliosagwa. Ile siri kubwa ya weusi usiofutika, yaani kukutanisha maji ya magome na tope la bondeni lenye chuma, watu wa nchi za maziwa makuu waliijua vema kwa nyuzi za vikapu. Ni kanuni ile ile iliyotumiwa duniani kutengenezea wino. Ngozi iliyoshiba siagi, hata hivyo, hainywi rangi ya maji, na kwa hiyo rangi ya ngozi hizi ilibaki ya kupaka.

Na ukingo? Hapa ndipo wale wenye kuhukumu upesi hukosea. Fundi wa pwani husugua ukingo kwa maji na mfupa hata ung'ae, kwa sababu ngozi iliyotengenezwa kwa magome hukubali kusuguliwa: nyuzi zake hushikamana na kuwa kama mti uliopigwa msasa. Tena kiatu chake kina ngozi mbili au tatu zilizobebana, na ukingo usiozibwa hupitisha maji na kuachana. Ngozi ya siagi haing'ai ukingoni hata ikisuguliwa mchana kutwa, kwa sababu nyuzi zake zimelegezwa makusudi. Fundi wa bara alipata njia nyingine. Aliuacha ukingo wa mnyama mwenyewe, ambao haufumuki, au aliukatakata uwe matamvua, au aliukunja na kuushona pindo. Kumlaumu kwa kukosa mng'aro ni kama kumlaumu mfinyanzi kwa kukosa kupiga msasa chungu chake.

Ufundi huu haukufa kwa kushindwa na kiatu cha pwani. Pigo la kwanza lilikuwa sotoka ya miaka ya 1890 na 1891, iliyoua sehemu kubwa ya ng'ombe wa nchi za maziwa makuu. Mwaka ule ngozi zilijaa, kisha zikaadimika, na siagi pamoja nazo. Wadachi walipokuja na boma lao Biharamulo walikuta nchi iliyokwisha kupungukiwa. Mbung'o walienea katika malisho yaliyoachwa, na katika miaka ya 1930 Serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wa Biharamulo wakae vijiji vya pamoja ili kuwaepusha na malale. Mtu aliyehamishwa penye mbung'o hahami na ng'ombe. Nguo ya dukani ikawa rahisi kuliko ngozi.

Pigo la pili lilikuwa la biashara, nalo lilikuwa la kudumu zaidi. Tangu reli ya Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, na meli zikawa zinapita ziwani, ngozi zilikuwa miongoni mwa bidhaa kuu za kwanza zilizopita Bukoba kwenda ng'ambo. Ngozi ikapata bei kabla ya kuguswa na fundi. Katika zamani za Waingereza maofisa wa mifugo walizunguka wakifundisha watu wasianike ngozi chini juani, ambako huchomeka upande mmoja na kuoza upande wa pili, bali waziwambe katika fremu za miti kivulini. Wasitoboe kwa kisu wakati wa kuchuna. Wasipige chapa ubavuni. Mafundisho hayo yalikuwa ya haki na yenye faida. Lakini yote yalihusu kuifanya ngozi ifae kuuzwa mbichi. Hapakuwa na mtu aliyefundisha mshono. Wahenga walisema mwamba ngoma huivutia ngozi kwake. Katika biashara hii aliyewamba alikuwa mmoja na aliyevuta alikuwa mwingine.

Wala haikuwa lazima iwe hivyo. Wakati wa Vita vya 1914 hata 1918, manowari za Waingereza zilipoziba pwani, Wadachi walitengeneza ngozi nchini kwa magome ya mikoko wakawashonea askari wao viatu. Shida ilipokwisha, ngozi ikarudi melini. Baada ya uhuru vilijengwa viwanda vya ngozi Mwanza, Moshi na Morogoro. Kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilikusudiwa kutoa jozi 4,000,000 kwa mwaka, nyingi ziuzwe Ulaya. Hakikufika hata asilimia 10 ya hesabu hiyo, na mwaka 1990 kilifungwa. Hapo tena aliyefikiriwa kwanza alikuwa mnunuzi wa mbali, wala si mvaaji wa Ngara.

Katika masoko ya wilaya hizi, kama kwingineko Tanzania, fundi viatu sasa hukaa na msharasi wenye kijino nchani, ambao huvuta uzi wa nailoni kutoka chini na kufanya kitanzi juu. Mshono huo ni wa haraka. Akiwa na mkanda wa kiunoni na muda wa kutosha, fundi hodari hutumia sindano mbili kwa uzi mmoja, kila tundu likipitwa mara mbili kutoka pande zote mbili, ili uzi ukikatika mahali pamoja upande wa pili ushike. Ngozi yake aghalabu imetiwa dawa ya kromu kiwandani, nayo pia, kama ile ya siagi, haing'ai ukingoni kwa kusuguliwa. Hivyo huukata sawa, huupiga msasa, huupaka rangi nyeusi mara mbili, kisha huupitishia nta na kitambaa. Ngozi hiyo huinunua kwa vipande vilivyotoka mjini, huku ngozi za ng'ombe waliochinjwa asubuhi hiyo katika machinjio ya hapo zikitiwa chumvi, zikikunjwa na kupakiwa katika lori.