Upupu, Parkinson na mikono inayotetemeka

Wadau, nani aliyekulia Pemba asiyeujua upupu? Ukikugusa shambani utajikuna mpaka ukome. Kumbe mbegu zake zina levodopa, dawa ileile anayoandikiwa mgonjwa wa Parkinson! Wataalamu wa India waliikuta humo mwaka 1937. Miaka 30 baadaye, 1967, George Cotzias akaonyesha kule Marekani kwamba dopa ikitolewa kwa dozi kubwa, inayopandishwa taratibu, aliyekakamaa anainuka na kutembea.

Sasa njooni Tanzania. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulipita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, penye watu 161,071. Wenye Parkinson walipatikana 33, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwahi kuambiwa wanaumwa nini. Dawa ipo duniani tangu babu zetu wakiwa vijana, jamani, na mtu anatetemeka miaka huku akiambiwa ni uzee tu! (Huku kwetu tungeongeza na shetani.)

Tena si kila kutetemeka ni Parkinson. Mkono wa Parkinson hutetemeka zaidi ukiwa umetulia mapajani. Kuna kutetemeka kwingine, mara nyingi kwa kurithi, kunakoanza mtu akishika kikombe cha chai. Huko hutulizwa na propranolo, dawa ya zamani ya presha. Levodopa haisaidii kitu.

Upupu msiutafune, kipimo chake hakitabiriki. Mzee akianza kumwaga chai, mpelekeni hospitali ya Chake akaangaliwe.